Buibui wa Dani na Moto wa Jirani

Leo asubuhi jirani wa mlango wa pili hapa Migori amenibishia hodi. Alisimama mbali na veranda yangu, mtoto mgongoni, akanyoosha kidole kwenye maua niliyoyapanda kwenye ndoo kuukuu.

"Hiyo buibui yako itoe. Mimi niko na mtoto mdogo."

Binti yangu alikuwa ameshampiga picha buibui huyo, na simu ilisema hana madhara kwa mtu. Nikamweleza jirani hivyo. "Simu haiishi hapa," akanijibu, akaingia kwake na kufunga mlango.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, nimechemsha chai nikaisahau. Nimerudi kumtazama mara nyingi: mwili mnene wenye mistari ya manjano na myeusi, miguu imepangwa miwili miwili kama herufi X, na katikati ya utando uzi mweupe uliopindapinda. Sikuhitaji simu kumtambua. Huyu namjua tangu Kendu Bay, kwa nyanya yangu, tuliyemwita dani. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, huenda roho ikatulia.

Dani alipanda maua kwenye makopo ya rangi na sufuria zilizotoboka. Watu walimcheka. Ua linaliwa na ugali? Yeye alinituma tu niyamwagie maji tuliyooshea vyombo, na harufu ya udongo mbichi ikachanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa uani. Kila baada ya mvua buibui yule alitokea pale. "Anakula nzi, hali watu," dani alisema. "Usikimbie kitu ambacho hujakitazama."

Siku zile moto uliazimwa. Kiberiti kilikuwepo, lakini nani apoteze kijiti na jiko la jirani linafuka? Kila alfajiri binti wa jirani, wa rika langu, alikuja na kigae cha chungu kuchukua makaa. Jiko letu likizimika, nilikwenda kwao mimi. Pamoja na makaa zilikwenda salamu na umbea wote wa kijiji.

Kisha asubuhi moja yule msichana aliamka mkono umevimba malengelenge, na jana yake tulimwagilia maua pamoja. Mama yake akaja hadi kwenye ua wa michongoma. Alimwita dani binti wa Gem, kwa jina la kwao alikozaliwa, kama ilivyo heshima, lakini sauti haikuwa na heshima.

"Nyar Gem, mdudu wako anaandika kwenye utando. Mdudu gani anajua kuandika? Nani amemtuma?"

Dani alikuwa mwepesi wa hasira. Aliingiza mkono kwenye utando, buibui akapanda taratibu hadi kwenye kiwiko bila kumdhuru. Alidhani amemaliza maneno. Jirani akarudi nyuma.

"Si unaona," akasema. "Anamjua mwenyewe."

Kesho yake hakuna aliyekuja kuchukua moto. Wala kesho kutwa. Dani alikoka moto mkubwa kuliko uji uliokuwa juu yake, akawa anachungulia njia. Niliogopa sana. Hata mtoto alijua kwamba neno la uchawi likifika kisimani halirudi, na mjane mzee anaweza kufukuzwa kwenye boma lake mwenyewe. Sikuweza kucheza. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Nesi wa dispensari ndiye aliyeutazama ule mkono. Akasema ni nairobi flai, yule mdudu mwembamba mwekundu anayetoka baada ya mvua. Mtoto alimponda usingizini, maji yake yakamchoma. Habari ilitufikia kutoka sokoni. Jirani mwenyewe hakuja. Aibu ni mzigo, na yeye alikuwa mwanamke wa kujivuna.

Halafu asubuhi moja ya manyunyu msichana akatokea, mkono mmoja una bendeji, mwingine umeshika kigae.

"Mama amesema moto wetu umezimika."

Niligeuka kutazama kwao. Moshi mzito ulikuwa unapanda juu ya paa la jikoni. Dani naye aliuona. Akachagua kaa kubwa kuliko yote, akalifunika jivu lisimchome mtoto.

"Mwambie mama moto upo."

Dani alishazikwa, na jirani yake pia. Makopo yameliwa na kutu, na kule nyumbani hakuna tena anayeazima moto. Nawakumbuka. Walikuwa na njia ya kuombana msamaha bila kulitaja kosa, nasi tumeipoteza bila kujua tunapoteza nini. Jirani yangu huyu hata jina la kwao silijui. Saa nzima nimezunguka jikoni nikitafuta kitu cha kwenda kumwomba. Gesi imejaa, sukari ipo, chumvi ipo.

Nimechukua kikombe kitupu. Nakwenda kuomba chumvi.