Kulala Mchana Wakati wa Palizi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hata leo nageuka kutazama mlango. Ilikuwa palizi ya pamba hapa Dutwa, jua limeshapanda, watu wote wako shambani, na mama mkwe wangu akaniambia niache jembe, niende nyumbani nikalale.

Nilale! Mchana! Mimi ambaye nilishaitwa mvivu?

Ngoja nikueleze. Nililetwa hapa kutoka Mwandoya nikiwa na mgongo mzima. Nilipomzaa Limi, mtoto wangu wa kwanza, kiuno kikaanza kuuma na hakikuacha. Hospitali wakapiga picha, wakasema mifupa haina shida. Balaa likaanzia hapo. Maduhu, mume wangu, akalishika neno hilo: picha haina kitu, basi na wewe huna kitu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini nani angenisikiliza? Nikamsikia Maduhu na ndugu zake zizini wakisema nirudishwe kwetu, na Limi abaki, maana ng'ombe wa mahari walishatoka. Nimwache mtoto anayenyonya!

Basi nikawa namshuku kila mtu, na zaidi mama mkwe. Tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Hakuwa msemaji, alitazama tu. Nikiinua ndoo, macho yake yako kiunoni kwangu. Nikiinama kufagia, yupo. Nikajisemea, huyu anakusanya ushahidi. Kwa hiyo kila nilipomwona nilijikaza: nanyakua ndoo kwa pupa, napalilia mstari mzima bila kunyooka, ili nionekane mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Lakini ukiwa ukweni, mwanangu, hata kikohozi unakimeza.

Siku hiyo ya palizi akanifuata mpaka kwenye mstari wangu.

"Binti," akasema, "kila ukiinama unabana pumzi kama mtu anayeiba. Nani anakufukuza? Twende nyumbani."

Akatandika mkeka. Akaniambia nilale chali, nikunje magoti, nyayo zikae chini. Kisha niyapeleke magoti upande mmoja polepole, halafu upande wa pili, kidogo tu, huku napumua. "Ukikutana na maumivu, rudi. Usibishane nayo. Sikiliza ni upande upi unaokataa."

Hakuna mizizi, hakuna kukandwa. Dawa gani hiyo? Nikasema moyoni, huu ni mtego, anataka nikutwe nimelala. Sikio langu moja lilikuwa mgongoni, jingine mlangoni.

Lakini sikufichi, nilishangaa. Nilikuta nimeuma meno, nimekaza mabega, hata vidole vya miguu nimevikunja. Kumbe nilikuwa nimejikaza mwili mzima hata nikiwa nimelala! Nilipovilegeza, magoti yakasogea mbele kidogo bila ugomvi.

Mara mlango ukafunguliwa. Maduhu huyo.

"Si nilisema!" akafoka. "Wenzake wako juani, yeye amelala!"

Nikamwangalia Mayu kwa uchungu, nikijua ameniuza. Yeye wala hakunitazama. Akajishusha taratibu, mkono kwanza, kisha ubavu, akajilaza pembeni yangu na kukunja magoti.

"Mimi kiuno kinaniuma tangu nilipokuzaa wewe," akamwambia mwanawe. "Nilificha ili nisirudishwe kwetu. Ukimpeleka huyu kwao, unipeleke na mimi. Mvivu wa kwanza nyumba hii ni mama yako."

Maduhu akageuka, akatoka. Halafu tukasikia ndoo zikigongana nje. Weee! Amekwenda lamboni kuchota maji mwenyewe! Tulicheka mpaka kiuno kikanikumbusha, kisha nikalia. Habari ya kunirudisha kwetu haikutajwa tena.

Maumivu hayakuisha siku ile, usidanganyike. Yalipungua polepole, kwa mkeka wa kila asubuhi, na mpaka leo hunitembelea. Anayekuahidi kukuponya mgongo kwa siku moja, mshuku. Lakini kikulacho ki nguoni mwako: kabla hujamshuku jirani, jishuku wewe unavyonyanyua ndoo. Kunja magoti, sogeza mzigo karibu na mwili, pumua. Ukiamka, geukia ubavu kwanza. Usijilaze wiki nzima, na usijilazimishe pia. Mwenda pole hajikwai. Miguu ikifa ganzi, au mkojo ukashindwa kuuzuia, achana na mkeka wangu, kimbilia hospitali. Na ukimwona mwenzio anainuka huku ameuma meno, usimwite mvivu. Muulize panapomuuma, kisha umwamini.

Mungu akulinde mgongo wako, mwanangu, na nyumba utakayoingia ikuamini kabla hujalia.