Mafuta ya Mkia kwenye Pedi za Breki

Nurzada ana hasira za karibu, na mji mzima wa Kara-Balta unajua. Mumewe Kubat yuko Urusi mwaka wa pili sasa, anapiga plasta kwenye maghorofa ya watu. Alipoondoka alimwachia watoto wawili wa kike, gari aina ya Honda Fit lenye usukani wa kulia, na mama mkwe, Mama Burulcha. Gari na mama vyote vina umri, na vyote havitaki kupigiwa kelele.

Wiki hiyo gari ndilo lilikuwa linapiga kelele. Kila ukigusa breki, kriiii, chuma kwa chuma. Na wiki hiyohiyo ilikuwa safari. Kila mwezi wa sita Mama Burulcha hupelekwa ng'ambo ya mlima, kwenye hema la mwanawe mdogo Almaz, anywe maziwa ya farasi mpaka kifua chake kitulie. Kufika huko unapanda mlima wa Too-Ashuu mpaka kwenye theluji, unapita handaki, halafu unashuka kona juu ya kona. Kwenye kona zile, breki ikikataa, hamna wa kumlaumu. Mmeshakwenda.

Basi asubuhi ya siku moja kabla, Nurzada akapiga jeki, akafungua magurudumu ya mbele, akachomoa pedi moja. Ilikuwa imeisha imebaki nyembamba kama biskuti iliyolambwa. Akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo kwa miguu mpaka soko la vipuri, kwenye kontena la Sagyn.

"Dada, chukua hili boksi jekundu, ufunge macho," Sagyn akasema. "Mali ya Japani."

"Japani ipi? Hizi herufi mmezipiga chapa miguu juu. Mimi gari la Kijapani naendesha mwaka wa nne, stika zake nazijua."

"Wewe mwanamke au askari wa forodha?"

"Mwanamke mwenye watoto siti ya nyuma. Toa pedi nizione."

Akaikwaruza kwa ukucha. Vumbi jeusi likamwagika kama makombo ya mkate mkavu.

"Sagyn, hii nikishuka nayo mlimani itakwisha kabla ya kona ya tatu. Nitakufa mimi, halafu nirudi nikutafute."

Sagyn akacheka, lakini akainama chini ya meza akatoa boksi la kijivu lisilo na picha wala mbwembwe. Nurzada akaikwaruza ya humo, ukucha ukateleza. Akaitazama pembeni kama kuna ufa, hamna. Akailaza juu ya ile ya zamani, masikio yake, vile vichuma vya pembeni, yakakaa sawasawa. Akalipa, akaondoka.

Nyumbani akazipanga zote nne juu ya gazeti kwenye meza ya barazani, akaenda kusugua kutu kule zinakokaa. Aliporudi kuzichukua, pedi zilikuwa zinang'aa.

Akagusa moja. Kidole kikateleza.

"Mama," akasema polepole, "hiki nini?"

Mama Burulcha alikuwa amekaa na kibuyu chake kidogo mapajani, anajifuta vidole. "Mafuta ya mkia wa kondoo. Yale ya Idi, niliyokuwa nawaficheni. Nimezipaka na dua nimeziombea."

"Umepaka upande mmoja au pande zote?"

"Zote! Mimi sifanyi kazi nusu. Kitu kipya kikiingia nyumba hii bila mafuta sipati usingizi. Wewe mwenyewe ulipoletwa hapa nilikupaka kwenye paji la uso. Umesahau?"

Nyumba ile mke wa mwana hampandishii mama mkwe sauti. Nurzada akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia banda la makaa ya mawe, akaipiga ndoo teke mpaka kuku wakaruka ukuta. Maneno aliyoyaambia yale makaa siwezi kuyaandika hapa.

Halafu akajaribu kuziokoa. Akafuta kwa kitambaa, akasugua kwa petroli, akapiga msasa, akazianika juani. Dakika kumi tu, mafuta yakatoka tena juu kama jasho. Pedi ilikuwa imeshakunywa. Hapo hata ufanye nini, ukikanyaga breki itateleza tu.

Akafikiria kuaga kwamba anakwenda dukani kununua chumvi, anunue nyingine, azifunge kimyakimya. Lakini zile za nyuma nazo zilikuwa zinakaribia kubadilishwa. Akinyamaza leo, mwezi wa kumi atazikuta nazo zimepakwa. Na siku yenyewe labda hatazigusa kwa kidole kwanza.

Akamimina chai, akampa mzee bakuli lake kwa mikono miwili, akakaa.

"Mama, ulipokuwa msichana, ukishuka mlima na farasi, hatamu ulikuwa unaipaka mafuta pale unaposhika?"

"Niipake ili iniponyoke? Mimi mwendawazimu?"

"Basi gurudumu ndiyo farasi. Na hii pedi ndiyo mkono wako."

Mama Burulcha akaacha kunywa. Akaitazama pedi, akalitazama gari lililokaa juu ya jeki.

"Kumbe hiki kitu kinashika?"

"Kinashika, Mama. Kazi yake hiyo tu."

"Mimi nilidhani kinazunguka, kama gurudumu la mkokoteni." "Mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia kweli. Kosa langu."

"Kosa lako ndiyo," mzee akadakia haraka, akaweka bakuli chini. "Niletee fimbo. Twende wote."

Sagyn alipowaona, na pedi inayong'aa mafuta mkononi mwa Nurzada, akaanza mapema. "Dada, mali iliyopakwa mafuta sipokei! Nenda ukakaange."

"Sijaja kurudisha. Nipe boksi la kijivu lingine."

"Za kijivu zimekwisha. Labda jekundu."

Nurzada damu ikampanda mpaka masikioni. Kabla hajafungua mdomo, fimbo ya Mama Burulcha ikagonga mlango wa kontena.

"Wewe kijana, mtoto wa nani?"

"Wa Jumagul, Mama. Wa kule relini."

"Jumagul namjua. Keshokutwa naye anapanda mlimani, ameniambia mwenyewe. Gari la kumpeleka umelifunga zipi?"

Sagyn akatazama viatu vyake. Akaingia ndani kabisa ya kontena, akahamisha matairi, akarudi na boksi la kijivu.

"Nilikuwa nimeliweka pembeni," akasema.

"Sasa limetoka pembeni," Mama Burulcha akajibu. Nurzada akapiga ukucha, ukateleza. Safi.

Kesho yake jua likawakuta wametoka handakini. Pembeni mwa barabara magari mawili yalikuwa yamesimama, magurudumu yanafuka moshi, wenyewe wanayamwagia maji. Nurzada akaweka gia ndogo, akashuka taratibu. Kila alipokanyaga, Mama Burulcha, mkono umeng'ang'ania mlango, alisema kwa sauti ndogo, "Inashika." Kona nyingine, "Inashika." Watoto nyuma wakaidaka wakaifanya wimbo, na ule wimbo ukawafikisha bondeni.

Almaz akaja mbio kutoka hemani kumpokea mama yake. Mzee hata salamu hakumaliza. "Breki za humu nimechagua mimi," akamwambia, akatoa kibuyu cha mafuta kwenye begi, akamgeukia Nurzada. "Lakini kitu kipya sikiachi hivihivi. Nipake wapi?"

Nurzada akafikiri. Akausukuma mlango wa upande wa mzee, ule unaolia tangu Kubat hajaenda Urusi. Kwiii.

"Hapo kwenye bawaba, Mama. Hapo panazunguka."

Mama Burulcha akapaka, akaomba dua, akaufungua na kuufunga mara tatu. Mlango kimya.

"Umeona?" akasema. "Mafuta yangu hayana shida. Shida mnayapa kazi isiyo yake."

Nurzada akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.