Msimamizi Anayemwonea Wivu Kibarua Wake

Ukungu bado umeilalia yadi ya nguzo za umeme nje kidogo ya mji wa Makambako, na Methodi Mgaya ameshapaza sauti: "Sukuma."

Vibarua kumi na wanne wameinamia mitaimbo yao, lakini nguzo haisogei. Wanamtazama mwenzao, Sudi. Sudi anaitikia kwa kichwa, na gogo la mkaratusi linaanza kubingirika kuelekea kwenye lori.

Methodi anaona. Kila siku anaona.

"Masikio yao yako kwangu, macho yako kwa Sudi," anasema, akivuta kola ya koti kwa baridi. "Inaniuma. Siwezi kukudanganya."

Ana miaka arobaini na sita, mtoto wa wakulima wa jirani na misheni moja ya Njombe. Alianza hapa kwa kumenya magome, na ilimchukua miaka tisa kuwa msimamizi wa zamu. Mshahara wake, shilingi laki nne na nusu kwa mwezi, unasomesha watoto watatu. Sudi alifika mwaka juzi akitokea Kondoa, kibarua wa kutwa asiye na cheo chochote.

Lakini kila asubuhi Sudi hupita kwa mtu mmoja mmoja na "kamwene" yake, salamu ya Kibena aliyojifunzia ukubwani, akiuliza nani kaamka na maumivu ya mgongo, nani ana mtoto mgonjwa. Methodi alikuwa akisimama pembeni, chai ikimpolea mkononi.

"Nilifika mahali nikachukia hata kicheko chake."

Mwezi Machi akamhamishia getini, kufungulia malori. Hakutoa sababu. Wiki nzima akaonja utamu wa kuamrisha peke yake. Vibarua wakawa kimya, naye akadhani kimya ni utii.

Kisha ikanyesha mvua kubwa. Kulipopambazuka Methodi akaamuru lundo la upande wa mtaroni lipakiwe. Kigingi kikang'oka, nguzo zikaporomoka, na kibarua aitwaye Alfonsi akaruka, akaangukia kiwiko. Mguu wake uliponea chupuchupu.

"Mlijua kigingi kimelegea?" Methodi aliuliza.

Walijua. Tangu juzi yake.

"Mbona hamkuniambia?"

Alfonsi, akiwa ameushika mkono wake, alijibu bila hasira: "Bosi, wewe ukija unakuja na maneno yako. Ya kwetu tungeyaweka wapi?"

Methodi akatembea hadi getini. Sudi ndiye aliyeanza: "Kaka Methodi, Alfonsi kaumia sana?"

Habari ya yeye kurudishwa kwenye upakiaji hakuigusa.

"Hilo ndilo lililonichoma zaidi," anasema Methodi. "Ningekuwa mimi, ningeanza na habari zangu."

Alimrudisha siku ileile. Siku hizi Methodi naye huuliza kabla ya kuamuru. Baadhi humjibu, wengine bado humwambia Sudi, ili Methodi asikie.

Sasa mwenye yadi anafungua nyingine Igwachanya na anahitaji msimamizi. Alipomwomba Methodi jina, Methodi akamtaja Sudi.

Kwa moyo mweupe? Anacheka kidogo, akitazama buti zake.

"Nusu. Anastahili, hilo halina ubishi. Nusu nyingine, nataka aende mbali na macho yangu."

Sudi anaondoka mwisho wa mwezi. Methodi amepanga kuwazungukia vibarua yeye mwenyewe kila asubuhi, hata kama watamjibu kwa mkato.

"Akishaondoka, hawatakuwa na mwingine wa kumtazama," anasema. "Natumaini watanitazama mimi. Wasiponitazama, nitajua tatizo halikuwa Sudi."