Mraba wa Marehemu

Mhadhiri alifika Itiryo na gari la vioo vyeusi, boksi la vichupa vya damu, na penseli za rangi nyingi kuliko za shule zote za wilaya ya Tarime zikijumlishwa. Alikuwa daktari wa vinasaba, yaani magonjwa yanayorithiwa kwenye ukoo, na huko chuoni kwake alikuwa amegundua kwamba wanafunzi wa udaktari wanalala darasani. Dawa aliyowapatia ni katuni. Sasa alitaka kuchora kitabu cha katuni kuhusu sikoseli, kiwafundishe wao na sisi wa vijijini kwa pamoja. Alituweka dawati moja na watu waliolala. Nilimdharau kuanzia hapo, na sijapata sababu ya kuacha.

Mimi nilikuwa mkalimani wake wa Kikurya. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu na watoto wengi kuliko madaftari, kwa hiyo Kiswahili cha msomi hakinitishi. Nilimpeleka kwa shangazi yangu, maana kwake kulikuwa na mtoto mgonjwa wa sikoseli, msichana mdogo mcheshi ambaye maumivu yakimshika mikono inavimba kama maandazi na kilio chake kinasikika Kenya.

Mhadhiri alifurahi kumwona kuliko inavyostahili. Akatandaza karatasi, akaeleza kwamba kwenye taaluma yao mwanamume ni mraba na mwanamke ni duara. Kisha akauliza baba wa mtoto ni nani. Shangazi akamtaja marehemu mumewe. Mama wa mtoto, mwanamke mpole aliyetoka Gorong'a, akamtaja huyo huyo. Majirani pia. Nami nikatafsiri hivyo hivyo, na hata leo ukiniuliza nitakujibu hivyo hivyo, kwa sababu ndilo jibu.

Shangazi hakupata mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki alitoa ng'ombe akaoa mke, kama mila yetu ya nyumba ntobu inavyoruhusu. Mwanamke anamwoa mwanamke mwenzake, watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile, na baba yao ni marehemu. Mwanamume anayekuja kulala pale huchaguliwa na wakubwa wa ukoo, na hatajwi. Mtu anayetaka kujua damu aulize damu. Yeye aliuliza baba, akapewa baba. Kaburi lenyewe lilikuwa pembeni ya kiti chake, limesakafiwa, lina msalaba. Alitundika koti lake pale.

Miezi ikapita, akarudi na kitabu. Mbuzi walichorwa kama mbwa, mbwa kama fisi, na nyumba ya shangazi ilipandiwa mnazi, mti ambao huku tunauona kwenye kalenda. Katikati alisimama marehemu, amefufuliwa na kuvishwa tai, ndani ya mraba wake, na tone moja jekundu kifuani. Mama wa mtoto naye ndani ya duara na tone lake. Matone mawili yanakutana kwa mtoto, mtoto anaumwa. Mhadhiri alisema wanafunzi wake walikipigia makofi. Naamini. Ndiyo kwanza walikuwa wameamshwa.

Siku ya kukisoma tulikusanyika uani kwa shangazi, na mbele kabisa alikaa mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa na hajawahi kuiruhusu dunia isahau jambo hilo. Kwa muda mrefu alikuwa akisema yule mwanamke ameleta damu mbaya, arudishwe Gorong'a na ng'ombe wadaiwe. Mtoto angebaki, kwa kuwa mtoto ni wa nyumba. Na kila mtu pale alijua ni mikono ya nani inayomkanda yule mtoto kwa kitambaa cha moto maumivu yakija, na ni nani anayembembeleza anywe maji.

Nilisoma hadi kwenye mraba. Mzee akaninyooshea fimbo.

"Mura, rudia hapo. Ugonjwa unatoka kwa baba na kwa mama?"

Nikamwambia ndiyo, kila mmoja tone lake.

"Kaka yangu alizikwa huyu mwanamke akiwa bado kwa wazazi wake. Tone lake lilipita wapi? Basi yote mawili ni ya mwanamke. Kitabu kimesema. Arudi kwao."

Tuliongea Kikurya, kwa hiyo mhadhiri alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Aliona tu kwamba kitabu chake kimezua mjadala. Nilimdharau, lakini dharau yangu kwake ilikuwa unyoya ukiilinganisha na ile niliyokuwa nayo kwa mzee, ambayo isingebebwa na lori.

Mke wa nyumba haongei mbele ya mkubwa kama yule. Huyu alimweka mtoto vizuri mapajani, akaongea taratibu.

"Baba, aliyekuwa akija kwangu ulimleta wewe. Ni mwanao wa kumzaa. Muulize yeye tone lake."

Mzee akakohoa, akasema mambo hayo hayatajwi mbele ya wageni. Shangazi alikuwa akipukuchua mahindi, na hakuinua uso.

"Mke ni wangu, shemeji. Ng'ombe nilitoa mimi. Ukitaka kurudisha mtu, anza na mwanao."

Watu walicheka hadi kuku wakahama uani. Mhadhiri akanivuta shati nimtafsirie. Nikamweleza yote, pamoja na mahali alipokuwa ametundika koti, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliuliza swali la maana, kwamba kijana huyo yuko wapi. Yuko Natta, anaosha magari ya watalii kwenye kambi. Mhadhiri akamfuata huko, kijana akakubali kutolewa damu, na tone likakutwa.

Kitabu kipya kina miraba miwili, mmoja wa baba mwenye tai, mwingine wa kijana mwenye mpira wa maji. Nasikia huko chuoni mhadhiri anakifundishia kama mtu aliyetugundua. Mzee naye siku hizi anasema tone lilitoka kwa mkewe mwenyewe, upande wa wakwe, na anatafuta wa kumsikiliza hadi Sirari.

Ya kurudishwa kwa mtu Gorong'a hayatajwi tena. Mtoto anameza dawa zake asubuhi, mama yake akimsimamia. Mzee akija kusalimia, mama huyo anampa shikamoo yake kwa heshima zote, anamwekea chai mezani, na pembeni ya chai anaweka kile kitabu, kikiwa kimefunguliwa kwenye ule ukurasa wa miraba miwili. Mzee anainywa ikiwa moto, anaaga.