Nguzo za Chanja ya Mama

Usipa wakianikwa asubuhi hawanuki sana. Harufu yenyewe huamka jua likishapanda, ikashika nywele, ikashika kitenge, ikashika hata madaftari ya shule. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwendo mfupi tu kutoka mjini Mbamba Bay, na mpaka leo nikiwakuta dagaa hao sokoni Mbinga moyo hunienda mbio. Kwetu ilikuwa harufu ya sare mpya, ya sabuni na chumvi, ya mama akiimba Kinyasa huku akigeuza samaki kwa viganja. Sikujua kwamba tunanuka mpaka wageni walipokuja kutuambia, tena bila kufungua mdomo.

Chanja za mama zilikuwa ndefu, nguzo za miti migumu, fito juu yake, na juu ya fito nyavu kuukuu. Alizirithi kwa bibi mzaa baba. Mchanga ule haukuwa na hati wala alama ya mpaka. Nguzo ndizo zilizosema hapa ni kwa fulani. Nguzo ikioza, ulisimika mpya kando yake kwanza, ndipo ukang'oa ile ya zamani, kwa sababu mwanamke aliyeng'oa nguzo zake akaacha mchanga mtupu alikuwa ametangaza kwamba amehama, na mwenzake angeweza kusimika zake kesho yake bila kumwomba mtu. Hata sisi watoto tulilijua hilo. Tulichapwa kwa kuzitikisa tu.

Kiangazi nilipokuwa darasa la tano, wakati barabara ya kushuka kutoka Mbinga bado ni vumbi na makorongo, lilikuja gari kubwa lenye kitanda na jiko ndani yake, likifuatwa na jingine lililobeba mahema. Walikuwa Wazungu wawili wa makamo, mume na mke, pamoja na watoto wao wakubwa. Mwenyekiti wa kijiji aliwaleta moja kwa moja kwenye mchanga wetu, kwa kuwa ndio uliokuwa tambarare, akamwambia mama ni siku chache tu, wageni wapumzike. Yule mama wa Kizungu alikuwa na adabu zake. Alitusalimia, akatabasamu, halafu akageuka na kujifunika pua kwa leso akidhani hatumwoni. Mama alimwona. Alizitazama chanja zake kama mtu aliyefumaniwa na vyombo vichafu, na hapohapo akaanza kuanua.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akianika jirani yetu. Alimwambia, "Wifi, toa nyavu, nguzo ziache." Mama akajibu kwamba nguzo zitachana mahema ya watu. "Wamekuja na nyumba zao mgongoni, tuwanyime hata mchanga?" Akazing'oa moja moja, akazipanga vizuri kando ili azirudishe wageni wakiondoka. Nilimsaidia kubeba, na nakumbuka nilifurahi. Nilitaka kuliona hema likisimama, lile la rangi ya chungwa, na kusikia zipu yake ikipanda na kushuka. Walikuwa na viti vya kukunja na jiko la gesi dogo kuliko sufuria yetu ya ugali. Tulikaa mchangani tukiwatazama kutwa nzima, nao wakatupa biskuti, na mimi nikaona maisha ndiyo hayo.

Jioni waliwasha moto wa kuota, na kuni walizowasha zilikuwa nguzo za mama. Walizikuta zimepangwa wakadhani wamewekewa. Yule baba alimpungia mama mkono na kumwonyesha moto, akishukuru kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Mama alisema, "Karibuni sana." Sijawahi kumsamehe kwa maneno hayo mawili, ingawa najua mtu wa kwetu asingesema mengine. Unamwambiaje mgeni kwamba anaota moto wa urithi wako? Alirudi nyumbani akapika, na usiku ule hakuna aliyeimba.

Wageni waliondoka wakitupungia mikono. Baba akasema atakwenda kukata miti upande wa Tingi, kwa kuwa karibu na ziwa miti migumu ilikuwa imekwisha. Lakini mwera, ule upepo mkali wa baridi wa ziwani, ulikuwa unavuma, baba akapatwa na homa, na kabla hajapona magari mengine yakashuka, maana waliotangulia walikuwa wamewasimulia wenzao habari za mchanga mzuri na watu wakarimu. Kisha akaja mtu wa mbali anayetaka kujenga kambi ya mahema. Mama alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, akasimama, akasema pale ni pake. Mwenyekiti, yuleyule, alimuuliza kwa upole kabisa, "Mama, nguzo zako ziko wapi?" Watu wote walijua ziko wapi. Walitazama chini. Mama alikaa.

Tangu hapo alianika chini, kwenye mawe na vumbi, nyuma ya wigo wa seng'enge wa kambi hiyo. Usipa wenye mchanga hakuna mnunuzi anayewagombania. Mwaka uliofuata nilitolewa shule nikapelekwa Mbinga kulea mtoto wa watu, na huko ndiko nilikokulia. Nina hasira na jambo hilo, na sioni sababu ya kujifanya sina.

Siku hizi kuna lami mpaka ziwani, na watu wa Mbinga nao wamejifunza kulala kwenye mahema kwa hiari yao. Mwaka huu kwaya yetu ya parokia ilikwenda kupumzika Mbamba Bay mwisho wa juma, na kambi iliyochaguliwa ilikuwa ile ile. Nilipanga kukaa na wenzangu kidogo, kisha nizunguke kumsalimia mama. Kijana wa mapokezi, mwenye fulana safi, alitueleza kwamba zamani hapa palikuwa pori tupu. Hema langu lilikuwa la rangi ya chungwa, na kufuli ya zipu yake ilikuwa na ufunguo wa kuvaa shingoni. Saa nne hivi, jua likiwa limepanda, mwenzangu mmoja wa sauti ya kwanza akakunja uso akauliza ni nini kinachonuka. Kijana akaomba radhi. "Kuna bibi mmoja nyuma ya wigo. Ngoja nikamwambie aanue."

Nilimfuata mbiombio, lakini alinitangulia. Nilipozunguka wigo nilimkuta mama amekwisha kuinama juu ya mawe, anakusanya usipa waliokauka nusu na kuwatia kwenye ungo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia bila kuinuka, akaniambia nimshikie ungo, tufanye haraka, kuna wageni wanasumbuliwa na harufu.

Nikamwambia mgeni ni mimi.

Aliinua uso akanitazama, akautazama ufunguo wa kambi uliokuwa unaning'inia shingoni mwangu. Akasema, "Karibu sana, mwanangu," akaendelea kuanua.