Chungu cha Midomo Miwili

Aliyeandika habari hii anapaswa kukiri kosa lake kwanza. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akiwashusha wanafunzi wake kwenye chumba cha chini cha makumbusho, akawaonyesha meza, gundi na trei za mchanga, kisha akawapandisha tena juu harakaharaka. Aliamini kwamba nadharia kuhusu mwanzo wa binadamu na hadithi zake huzaliwa huko juu penye vitabu, na kwamba huku chini hakuna lolote ila mama mmoja mwenye aproni anayebandika vyungu vilivyovunjika. Alimsalimu kwa heshima kila mara, na kila mara akapita bila kumwona.

Mama huyo wote walimwita Mama Vigae. Jina hilo alipewa na mlinzi wa lango la nyuma katika wiki yake ya kwanza kazini, baada ya kumwona akienda nyumbani na kigae cha chungu kimenasa kwenye nywele, naye hakulikataa. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, tena juu sana, kiasi kwamba alichokiona cha dunia ni viatu vya wapita njia. Aliwajua wafanyakazi wenzake wengi kwa soli zao. Mezani palikuwa na trei tatu za mchanga mkavu, ambamo alisimamisha vipande vilivyotiwa gundi ili vishikamane kwa uzito wao wenyewe mpaka vikauke. Kando yake ilikaa miswaki ya meno iliyostaafishwa nyumbani, chupa ya dawa ya kuyeyushia gundi, na taa yenye shingo ndefu.

Namna yake ya kufanya kazi iliwachekesha wageni. Alipodhani kwamba vigae viwili ni majirani, alifumba macho. Alivikutanisha taratibu, akavisogeza upana wa unywele huku na huku, akasubiri.

"Macho ni wambea," aliwaambia wanafunzi. "Yanakwambia unachotaka kusikia. Kidole hakina umbea."

Kigae kilichokubali kilitoa mlio mdogo, kama wa komeo linalofungwa nyumba ya tatu, na hapo hakikutikisika tena. Kilichokataa kilikataa, na hapakuwa na cha kubembelezana.

Kazi iliyomletea sifa ilikuwa ya mwaka wake wa pili pale, miaka thelathini iliyopita: chungu cha midomo miwili. Kilifukuliwa vipande vipande na mhadhiri kijana, ambaye baadaye akawa Profesa, kwenye kilima ambako watu wa kale waliwahi kuishi. Kiwiliwili na shingo ya kwanza vilikubali bila taabu. Upande wa pili wa bega palikuwa na pengo, na ndani ya trei ileile ilikuwamo shingo nyingine. Mama Vigae aliiweka penye pengo, akaziba nafasi ya vidole vitatu kwa plasta, akaipaka rangi ya udongo. Kikawa chungu kisicho na mfano.

Juu ya chungu hicho Profesa alijenga nadharia yake. Wakazi wa kilima kile wana hadithi kwamba hapo mwanzo watu wote walikuwa ndani ya chungu kimoja chenye mdomo mmoja, wakawa wanasukumana kutoka, asitoke hata mmoja, mpaka mfinyanzi alipowahurumia akafungua mdomo wa pili. Waliotokea huku walikwenda mlimani na waliotokea kule walikwenda bondeni, na ndiyo maana binadamu ni ndugu wasiotambuana. Hadithi za watu kuchomoza ndani ya kibuyu, pango au unyasi zimetapakaa katika nchi nyingi za mbali. Wapo wataalamu wanaosema kwamba kila jamii ilijitungia yake, kwa kuwa kila jamii imeona mtoto akizaliwa. Profesa alishikilia kwamba hadithi hiyo ilianzia hapo kilimani, ikasafiri na waliohama. Alikuwa na mashahidi wawili wasiojuana: hadithi midomoni mwa wazee, na chungu kilicholala ardhini maelfu ya miaka.

Chungu kikaingia kwenye muhuri wa makumbusho, kikaingia pia katika kitabu cha shule ya msingi. Mjukuu wa Mama Vigae alikuwa na toleo jipya la kitabu hicho, na alikuwa amempaka rangi ya zambarau kila mtu aliyechorwa akitoka kwenye chungu.

Sasa makumbusho yalikuwa yakijenga ukumbi mpya, na chungu kingewekwa katikati. Mama Vigae alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu. Mkurugenzi aliamua kwamba kwenye lebo, chini ya maelezo, yaandikwe maneno ambayo hayajapata kuandikwa pale: "Kimeunganishwa na," kisha jina lake kamili, majina yote matatu. Mama Vigae aliletewa nakala ya lebo aikague. Akaipeleka nyumbani, akaipachika ukingoni mwa kioo cha sebuleni, na kila aliyeingia alisomeshwa, apende asipende.

Kabla ya maonyesho ilibidi gundi ya zamani ibadilishwe, maana ilikuwa imegeuka manjano na kulegea. Siku ya Alhamisi alikibandua chungu, akaiyeyusha gundi, akaimomonyoa plasta. Alipolisafisha bega kwa mswaki, aliona kosa. Ukingo wa pengo haukuinuka popote kufanya shingo. Ulijikunja ndani polepole, kama bega lolote linalojifunga. Akaichukua ile shingo ya pili, akafumba macho, akaijaribu. Alijaribu mara kumi na moja. Ilikataa. Alipokuwa kijana, alikumbuka, alikuwa bado anatumia macho.

Ijumaa alifanya kazi nyingine, hakusema na mtu. Jumamosi alasiri, sebuleni, alimweleza mumewe, dereva wa malori mstaafu, pamoja na binti yao aliyekuja kutembea na mwanawe.

"Sasa nani atajua?" mumewe aliuliza. "Gundi unayo, plasta unayo, mkono unao."

"Nitajua mimi."

"Wewe siku hizi unajua mambo mengi mno. Juzi ulijua nimetia sukari kwenye chai wakati hukuwepo hata nyumbani."

"Baba, acha mzaha," binti alisema. "Mama, hiyo lebo umeitangaza mpaka kwa fundi cherehani. Ukoo mzima unakuja siku ya ufunguzi. Shangazi ameshashona gauni!"

"Gauni atalivaa kwingine."

"Mimi nasema hivi," mumewe alisema, safari hii bila utani. "Miaka thelathini na moja umekaa chini ya miguu ya watu. Mara moja tu wanataka kulitaja jina lako. Na unataka kwenda kuwaambia walifute?"

Mjukuu alikuja na kitabu chake, akajibanza magotini pa Mama Vigae.

"Bibi, sisi tulitokea mdomo gani?"

"Mlitokea mdomo wa babu yenu, maana haujafungwa tangu anioe."

Babu mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini usiku na mchana wa Jumapili Mama Vigae aliitazama lebo pale kwenye kioo, na kila alipoisoma, neno "kimeunganishwa" lilimchoma kama uchafu jichoni.

Jumatatu asubuhi alimpelekea Profesa ujumbe. Profesa akateremka mwenyewe, akishika ukuta, magoti yakimlalamikia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Mama Vigae. Nimeambiwa unaniita. Chungu kimevunjika?"

"Kingevunjika ningejua la kufanya. Keti hapo. Fumba macho."

"Tufumbe macho, mimi na wewe, kwa umri huu?"

"Fumba, Profesa, usinichekeshe leo."

Alimpa kwanza vigae viwili vya bakuli dogo, akamwongoza vidole mpaka vikakubaliana. Profesa akatabasamu kama mtoto. Kisha akamwekea mkononi bega la chungu kile, na mkono wa pili ile shingo. Profesa aliisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akaizungusha. Juu dirishani vilipita viatu, jozi baada ya jozi, naye bado akijaribu. Alipofumbua macho hakutabasamu tena.

"Kipande cha katikati huenda kilipotea."

"Hilo nililiomba Mungu tangu Alhamisi. Tazama." Akamvutia taa na lenzi. "Udongo wa bega umechanganywa na mchanga. Wa shingo umechanganywa na maganda ya konokono yaliyosagwa. Hakuna mfinyanzi anayeanza chungu kwa udongo huu akakimalizia kwa ule. Hivi ni vyungu viwili."

"Miaka thelathini, mama. Na leo ndiyo unaniambia?"

"Nimejua Alhamisi. Ijumaa nilinyamaza, na hilo ni kosa langu. La zamani lilikuwa ujinga."

Profesa aliivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. "Nilikuwa na mashahidi wawili," alisema. "Umeniondolea mmoja."

"Mmoja bado unaye."

"Ninaye," alisema. Aliinuka, akajikung'uta mchanga, akatoka bila kuaga. Mama Vigae alisubiri, akaviona viatu vyake vikipita dirishani taratibu, akajua hakuelekea ofisini.

Kesho yake Mkurugenzi alishuka mbio, kadi ya mwaliko mkononi. Ilikuwa na picha ya chungu.

"Kadi mia nne, Mama! Zimeshatumwa. Nakuomba, kiunganishe kwa ajili ya ufunguzi tu. Baadaye tutatafuta namna."

"Siwezi, mwanangu. Kimekataa."

"Na nikiagiza?"

"Utaagiza. Nami nitakukabidhi gundi, ubandike mwenyewe. Uikoroge vizuri tu, inaganda upesi."

Mkurugenzi alitaka kukasirika, akashindwa. Akampigia simu Profesa palepale, akasimama akisikiliza, huku Mama Vigae akijifanya anapanga miswaki.

"Ndiyo, Profesa... Lakini kadi... Naam. Naam, nimesikia." Akaiweka simu mfukoni. "Amesema visiunganishwe. Amesema nikiviunganisha, hotuba ya ufunguzi nitatoa mimi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini lebo, Mama... Hakuna kilichounganishwa sasa. Jina nitaliweka wapi?"

Mama Vigae alikuwa amejiandaa kwa hilo siku tano, na bado lilimwingia.

"Usiliweke," alisema.

Jumamosi ya ufunguzi, katikati ya ukumbi palikuwa na vitu viwili ndani ya kioo: chungu kimoja chenye pengo begani, na shingo ya chungu kingine. Lebo ilikuwa na mistari miwili. Shangazi, ndani ya gauni lake jipya, alikizunguka kioo mara tatu akilitafuta jina, kisha akashika kiuno. Mjukuu alibandika pua kwenye kioo.

"Bibi, nani amekivunja?"

Watu kadhaa waligeuka. Mama Vigae angeweza kunong'ona, lakini alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Mimi. Na nimekivunja vizuri."

Mumewe alimshika mkono, wakaendelea kutazama mengine. Wiki chache baadaye alistaafu, akakabidhi funguo, trei na taa. Miswaki alirudi nayo nyumbani. Profesa naye hakuacha kufundisha. Aliwaambia wanafunzi waziwazi kwamba chungu kimekwenda, ila hadithi imebaki, na kwamba hadithi ya kale kiasi hicho inatosha kusimama peke yake.

Mwaka uliofuata aliyeandika habari hii alipewa kazi ya kuhamishia kanda za zamani za sauti kwenye kompyuta. Kanda pekee yenye hadithi ya chungu, ambayo Profesa aliitegemea, ilikuwa imerekodiwa miaka mitano baada ya Mama Vigae kuipachika shingo ile kwa plasta, na miaka miwili baada ya picha ya chungu kuingia katika kitabu cha shule. Upande wa kwanza ndio pekee uliopata kunukuliwa. Kwenye upande wa pili, sauti ya Profesa kijana inamuuliza msimulizi alisimuliwa na nani. Msimulizi, mwanamke mtu mzima, anacheka kidogo, kisha anajibu kwamba hakusimuliwa na mtu: mjukuu wake alileta kitabu nyumbani chenye picha ya chungu, akauliza kwa nini kina midomo miwili, naye hakutaka kuonekana hajui.