Leo Saidi amekubali kwamba namba nne wa sasa ni bora

Leo nimeshinda ubishi na Saidi, na ushindi wenyewe siutaki.

Wa Nyamirambo hapa Kigali mnatujua. Tangu ujana tunabishana kuhusu mpira wa kikapu: mchezaji wa namba nne, yule mwenye nguvu wa karibu na goli, bora ni wa zamani au wa sasa?

Mimi nasema wa sasa. Anakimbia, anafunga za pointi tatu.
Saidi ni wa zamani tu, wale wa viwiko chini ya goli. "Hawa wenu wanaogopa kuguswa, sha!" Huyu mtu alisimamisha harusi yake mwenyewe ili amalize hoja.

Tangu apigwe na kiharusi hajatamka neno.

Kwa hiyo leo nikaenda kumchokoza. Nilijua hasira itamfungua mdomo.

Nikakaa kando ya kitanda. "Saidi, yule wako tuliyemwita Ukuta, leo angekaa benchi. Angebeba maji!"

Mdomo ukafunguka, akasema ndiyo kwa Kinyarwanda:

"Yego."

Mke wake akapiga vigelegele huko jikoni. "Ameongea! Tena amekubali!"

Saidi huyu, akubali?

Nikageuza maneno haraka. "Basi nimekosea, ndugu yangu. Ukuta ndiye bora. Wa sasa si kitu."

Akanishika mkono.

"Yego."

Mke wake bado anashangilia. Sijamwambia kwamba amekubali yote mawili.

Nyinyi mnaomtetea namba nne wa zamani, njooni kwa Saidi mnibishie mbele yake. Kwa sauti. Nitukaneni kabisa.

Labda atashindwa kuvumilia.